Udongo wa Dada

Nina dada ambaye hajawahi kuzaliwa. Nilimtunga mwenyewe sokoni Majengo, mwaka wangu wa kwanza Songea, mbele ya mama mmoja anayeuza maharage na dagaa na, pembeni kabisa kwenye sinia la bati, mafungu ya udongo wa kula. Nilimwambia anifungie mafungu mawili. Akaniangalia usoni, akashuka na macho hadi tumboni, akarudi usoni. "Ni wa dada yangu," nikasema haraka. "Ana ujauzito." Akaufunga kwenye gazeti, akaniambia nimpe dada pole. Nikaipokea pole ya mtu asiyekuwepo, nikaondoka nayo.

Asiyeujua udongo huo nimweleze. Ni vipande vya rangi ya majivu, laini, vilivyokaushwa kwa moshi. Ukitia kimoja mdomoni kinayeyuka na kukuachia harufu ya mvua ya kwanza. Kina mama wajawazito huutafuta kama wengine wanavyotafuta embe bichi, na hakuna anayewashangaa. Ila mwanamke asiye na mimba akionekana anautafuna, watu huanza kumhesabia miezi. Mimi sikuwa na mimba, sikuwa na mume, na hata dalili ya mume haikuwepo. Nilikuwa mwalimu mgeni kutoka mkoa mwingine, mwalimu wa Sayansi wa darasa la tano, mtu wa kuwakumbusha watoto wanawe mikono kabla ya kula. Na ndani ya pochi yangu, kwenye kikopo kilichokuwa cha mafuta ya kujipaka, kulikuwa na udongo. Niliuanza chuoni na sikuwahi kuuacha. Kwaresima mbili nilijaribu kuufunga, na zote mbili zilinishinda kabla ya Jumapili ya Matawi.

Dada yangu wa kutunga akakaa na mimba hiyo miaka mitatu. Mama wa sokoni hakuwa mjinga. "Mwalimu, huyo dada yako amebeba tembo?" aliniuliza siku moja, na wauza nyanya wa jirani wakacheka mpaka wakashika viuno. Nami nikacheka. Nimecheka mara nyingi maishani mahali ambapo nilipaswa kusema neno.

Kufundisha nje nilikupenda kwa dhati, na sitaki aibu iliyokuja baadaye inifanye nijisingizie kwamba nilikuwa mwalimu mbaya. Darasa letu lilikuwa na watoto wengi kuliko madawati, na mvua ikipiga bati husikii hata sauti yako mwenyewe. Kwa hiyo mvua ikipumzika, niliwatoa. Tulikuwa na uwanja wa mpira, mfereji wa maji ya mvua nyuma ya vyoo, bonde lenye bustani za mboga chini ya shule, na karibu na goli la chini kichuguu kirefu kuliko mimi. Hiyo ndiyo ilikuwa maabara yangu. Tuliwahi kukaa kipindi kizima tukiangalia siafu wakihama. Tuliwahi kupima kivuli cha mlingoti wa bendera asubuhi, saa sita na saa nane, mpaka mtoto mmoja akaniuliza kama kivuli nacho kina saa ya kwenda kulala. Na niliwafundisha wito. Nikisema "Mwanasayansi!" wao hujibu "Haachi swali!" kwa sauti ambayo mwalimu mkuu aliisikia ofisini kwake na kunisifu kikaoni. Nilijivunia wito ule. Sasa nikiukumbuka nataka kuziba masikio.

Siku yenyewe ilikuwa ya Februari, katikati ya kifuku, kama wanavyoyaita huku majira ya mvua. Mada ilikuwa aina za udongo. Kitabu kilikuwa na picha tatu, zote za rangi moja, kwa hiyo nilikiweka pembeni nikamwagiza kila mtoto alete udongo wa kwao kwenye ganda la kiberiti. "Chukueni popote nyumbani," niliwaambia. "Shambani, ukutani, chini ya mtungi, popote." Ningesema shambani tu, nisingekuwa naandika haya.

Wakaja na maganda yao. Tukakaa karibu na kichuguu, kila kundi na kopo lake la maji. Kazi ni rahisi: unalowesha udongo, unaukanda, unauviringisha uwe kama kamba, kisha unaikunja kamba iwe pete. Ukimomonyoka, ni kichanga. Ukikubali kamba na kukataa pete, ni tifutifu. Ukikubali kuwa pete, ni mfinyanzi. Watoto walivishana pete, mmoja akamwoa mwenzake na ndoa ikavunjika hapo hapo pamoja na pete. Nilikuwa na furaha. Nalitaja hilo kwa sababu mtu akisikia habari hii hudhani nilikuwa na hasira, au nimechoka. La hasha. Nilikuwa na furaha na ndiyo maana sikuwa na breki.

Kulikuwa na msichana mmoja, mdogo wa umbo kuliko wenzake, asiyependa kunyoosha mkono. Alinipa ganda lake kwa mikono miwili. Nikalifungua, na harufu ikanifikia kabla ya macho. Mate yakanijaa mdomoni. Ulikuwa ule ule wa Majengo, wa sinia lile lile, ningeapa hata kanisani.

Hapo ningesema, "Mfinyanzi, vizuri sana," nikapita. Lakini hakuna mtoto mwingine aliyeleta mfinyanzi safi kiasi kile, na mimi ni mtu wa kupenda mfano mzuri. Nikaunyanyua juu wote wauone.

"Huu umetoka wapi?"

"Kwa dada, mwalimu."

"Dada ameuchimba wapi?"

"Hajauchimba. Ulikuwa kwenye begi lake la shule."

Dada yake alikuwa kidato cha tatu, sekondari ya kata, ng'ambo ya barabara. Nilimfahamu kwa sifa tu. Ndiye aliyekuwa akiongoza kidato chao, na walimu wa kwetu waliomfundisha zamani walimtaja kama mtu anavyotaja shamba lililompa mavuno. Nusu ya watoto waliokaa mbele yangu walikuwa na kaka au dada kwenye sekondari hiyo hiyo.

Mtoto mmoja aliyezoea kukaa dawati la mbele, mwepesi wa jibu, ambaye mama yake alikuwa amejifungua wakati wa Krismasi, akaruka juu. "Mwalimu! Huo si udongo wa shamba! Ni wa kula! Mama alikuwa anaula wakati mtoto wetu yuko tumboni!"

Watoto wakageuka wakanitazama. Niliogopa, na sitajipamba hapa: sikuogopa kwa ajili ya yule binti wa sekondari, hata kidogo. Niliogopa swali litakalofuata. Niliogopa mmoja wao aseme, mbona mwalimu umeujua haraka, mbona pochi yako inanuka hivyo hivyo. Basi nikakimbilia pale nilipozoea.

"Mwanasayansi!"

"Haachi swali!"

"Nani hula udongo huu?"

"Wajawazito!"

"Kwa hiyo?"

Nilitaka waseme kwa hiyo udongo una madini. Ndilo lililofuata kwenye andalio langu la somo. Naamini ndilo nililotaka. Lakini yule wa dawati la mbele alikuwa ameshafika mbali kuliko andalio langu.

"Kwa hiyo dada yake ana mimba!"

Wakaangua kicheko, wengine wakaanguka chali kwenye majani. Na mimi nikacheka. Kisha nikasema maneno ambayo nayakumbuka yalivyo, silabi kwa silabi: "Haya, hiyo inaitwa dalili. Tuendelee." Nikautia udongo ule mfukoni mwa koti langu la mvua. Yule msichana wa ganda hakucheka wala hakulia. Alilifunga ganda lake tupu, akaenda kukaa mahali pake.

Saa ya mapumziko niliingia stoo ya vifaa, nikarudishia mlango, nikaula. Nimeamua kusema yote, kwa hiyo na hili nalisema: nilikula mfano wa somo langu, mali ya mtoto wa watu, nimesimama kati ya mafagio na mipira iliyopasuka. Bado nilikuwa natafuna mlango uliposukumwa. Alikuwa ni yeye.

"Mwalimu, naomba udongo wa dada. Akiukosa atajua nimeuchukua."

Nikameza. Nikajifuta midomo kwa mgongo wa mkono. "Nimeutupa," nikamwambia. "Na umwambie aache. Udongo una minyoo."

"Haya, mwalimu," akasema, akaurudishia mlango kama alivyoukuta.

Mdomo uliponza kichwa, husema wahenga. Wangu uliponza kichwa cha mwingine. Habari ilivuka barabara siku hiyo hiyo, pamoja na watoto waliokuwa wakiwasubiri dada zao warudi nao nyumbani. Wiki iliyofuata niliisikia ofisini kwetu. Mwalimu mwenzangu, akipuliza chai yake, alisema kwamba yule binti anayeongoza kidato cha tatu inasemekana ni mjamzito. Matroni alimwita, wakampima.

"Na kipimo kimesemaje?" nikauliza.

"Kimesema hana."

"Basi hana."

Akaweka kikombe mezani, akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mgeni. "Lisemwalo lipo, mwalimu. Kama halipo, laja."

Sijawahi kuichukia methali kama nilivyoichukia ile asubuhi ile. Imetengenezwa ili mtu asishinde: akiwa na mimba, si mlisikia; asipokuwa nayo, subirini. Kipimo kimesema hapana, methali imesema ndiyo, na mtaa mzima ukafuata methali. Na mimi nilikuwa na ushahidi wa kuivunja. Ushahidi ulikuwa mimi mwenyewe, mwanamke asiye na mimba, mlaji wa udongo ule ule kwa miaka. Mfano mmoja ulio kinyume unatosha kuangusha kanuni. Niliwafundisha hivyo kwa kutumia popo, anayeruka na si ndege. Popo alikuwa ofisini, amekaa, ana kikombe mkononi. Nikamaliza chai yangu, nikachukua madaftari ya kusahihisha.

Wiki ya pili wakasema ameitoa. Wiki ya tatu binti akaacha kwenda shule. Kisha ikasikika kwamba amepelekwa Mbesa, wilayani Tunduru, kwa mama yake mdogo anayelima karibu na hospitali ya misheni, na hapo hata waliokuwa na shaka wakaridhika. Mbesa si kuna hospitali? Amekwenda kujifungulia huko. Darasani kwangu, watoto walipompita mdogo wake walijishika matumbo na kutembea kwa kuyumba. Niliwakamata wanne, nikawafagilisha uwanja mzima wa mpira huku nikiwahubiria juu ya kusingizia watu. Nyani haoni kundule.

Jumamosi moja nilijikaza nikaenda kwao, Mfaranyaki. Nilikuwa nimeipanga hotuba yangu njia nzima. Mama yao alikuwa barazani anashona sare kwa cherehani, na cherehani nyingine ilikuwa pembeni, imefunikwa kitenge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, karibu sana." Akamwita mwanae kwa Kingoni, maneno mawili ambayo sikuyajua, na yule mtoto akatoka ndani na kikombe cha togwa, akanipa kwa mikono miwili, akabaki amesimama mlangoni.

Nilikunywa kidogo, nikakohoa, nikafungua kinywa. "Mama, nimekuja kuomba radhi," nikasema, na mpaka hapo nilikuwa nimefuata hotuba. "Ni utundu wa watoto. Walisema mambo darasani."

Utundu wa watoto. Nilimwona mtoto pale mlangoni akishusha macho.

"Watoto ni watoto, mwalimu," mama akasema. Akanieleza kwamba binti yake mkubwa amekuwa akila udongo tangu alipoanza kutambaa; akanionesha ukutani, karibu na sakafu, mahali palipokwanguliwa na vidole vidogo na kuzibwa baadaye kwa saruji. Alikuwa akichoka, akisinzia juu ya vitabu, na wao wakidhani ni bidii. Mbesa wamempima, damu yake ni ndogo sana, wamempa vidonge vya kuongeza damu. "Sasa nikamwambie nani hayo?" akaniuliza. "Nikisema amepungukiwa na damu, watauliza damu imekwenda wapi."

Akaendelea kukanyaga cherehani, kisha akaiacha.

"Amesema harudi. Baba yake anasema kama harudi, basi mashine hii hapa, ashone." Akaigusa ile iliyofunikwa. Nilifikiri jambo la kijinga, lakini la kweli: siku hizi binti akijifungua anaruhusiwa kurudi shule, kuna waraka wa serikali, lakini aliyesingiziwa tu hana waraka wowote wa kumrudisha.

"Mwalimu," mama akasema, "wewe umesoma. Hivi mtu mzima asiye na mimba anaweza kweli kuutamani udongo? Niambie tu, nijue kama mwanangu ananidanganya."

Kikopo changu kilikuwa ndani ya pochi, pochi ilikuwa mapajani. Kilikuwa karibu kuliko kikombe cha togwa.

"Inawezekana," nikasema. "Vitabu vinasema inawezekana."

"Vitabu," akarudia, akatabasamu kwa adabu, akarudi kwenye sare zake. Mtoto aliniangalia muda wote huo. Nilidhani ananiangalia kama watoto wanavyomwangalia mwalimu aliyefika kwao. Nikamaliza togwa, nikaaga.

Kilichonisukuma mwishowe hakikuwa ushujaa. Kilikuwa mtihani wa katikati ya muhula. Nilikuwa nimeweka swali: taja dalili moja uliyowahi kuiona, na hitimisho lake. Nilitegemea mawingu na mvua, moshi na moto. Nikawa nasahihisha haraka, vema, vema, vema, mpaka nikafika kwenye karatasi ya mtoto wa dawati la mbele. Aliandika, kwa mwandiko mzuri wa kumvutia mwalimu: "Dalili: dada anakula udongo. Hitimisho: ana mimba." Nikapekua zilizopita na zilizobaki. Zilikuwa sita zenye jibu hilo. Na tatu kati yake nilikuwa nimeshaziwekea vema.

Nilikaa na zile karatasi mchana kutwa. Kalamu nyekundu ilikuwa yangu, mwandiko ulikuwa wa watoto, lakini jibu lilikuwa langu tangu mwanzo.

Kesho yake niliwapeleka kwenye kichuguu. Hawakuwa na viberiti wala makopo isipokuwa yale ya kumwagilia miche yetu ya maharage, na walishangaa kuona nimebeba pochi. Nikatoa kikopo, nikakifungua, nikanyanyua kipande juu kama nilivyonyanyua kile cha kwanza.

"Huu ni udongo wa kula," nikasema. "Ni wangu." Nikautia mdomoni, nikatafuna mbele yao. Sijui kama wewe unayesoma umewahi kutafuna kitu huku watoto zaidi ya sitini wakikuangalia taya. Ladha yake haikuwepo kabisa. "Naula tangu nikiwa chuo. Sina mimba, na sijawahi kuwa nayo. Siku ile mlipocheka nilijua kwamba mtu anaweza kuula bila mimba. Nilijua, nikacheka na nyinyi. Dada wa mwenzenu hana mimba na hakuwa nayo."

Mkono mmoja ukanyooka, wa yule wa dawati la mbele.

"Mwalimu, una mimba?"

"Nimesema sina."

"Sasa sisi tutajuaje?"

Hakuna aliyecheka, na yeye hakuwa na utundu wowote usoni. Alikuwa anafanya kile nilichomfundisha. Nilisimama pale nikitafuta cha kuwaonesha, na nikagundua kwamba sina kitu. Kila nilichoweza kusema yule binti alikuwa amekisema kabla yangu, tena yeye alikuwa na kipimo. Nilihisi macho yao yakishuka tumboni mwangu na kupanda tena, kama ya mama wa sokoni, mara sitini.

"Hamtajua," nikamwambia. "Mtaniamini au hamtaniamini."

Akafikiri. "Basi hilo si sayansi," akasema, kwa masikitiko, akakaa.

Kabla ya saa tisa kundi la WhatsApp la wazazi lilikuwa limeshawaka. Mwalimu mkuu aliniita, akakohoa, akapanga kalamu zake mezani, akaniuliza kama anipe hongera au vipi. Nilimwambia kila kitu, pamoja na stoo. Akasema mwalimu anapaswa kuwa na mipaka, nami nikakubali, ingawa sikuwa na hakika kama tunazungumzia mpaka mmoja. Nilirudi pia kwa mama yao, nikamwambia barazani pale pale, bila vitabu. Hakunifokea. Aliniuliza tu kwa nini sikusema siku ile nilipokunywa togwa yake. Binti hajarudi Songea. Wanamtafutia nafasi ya shule huko huko Tunduru, na kila nikiuliza naambiwa bado, na mwaka unakwenda.

Lakini siku ile ya kichuguu sijaimaliza. Watoto walipokwenda kunawa mikono, yule mdogo alibaki akikusanya makopo ya maji. Nikamsogelea. Nilitaka asikie kutoka kwangu kabla hajasikia kwa wengine.

"Udongo wa dada yako sikuutupa," nikasema. "Niliula."

"Najua, mwalimu."

"Umejuaje?"

"Ulikuwa nao hapa." Akagusa pembe ya mdomo wake mwenyewe, upande wa kushoto.

Alijua tangu stoo. Alijua wakati wenzake wakijishika matumbo, wakati dada yake anafunga nguo za kwenda Mbesa, wakati mimi nimekaa barazani kwao nasema vitabu vinasema. Alikuwa na dalili mkononi muda wote huo, iliyo wazi kuliko zote zilizowahi kuletwa darasani kwangu.

"Mbona hukuwaambia wenzako?" nikamuuliza.

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa jambo rahisi mno.

"Wangekucheka, mwalimu," akasema. Akachukua makopo yake, akawafuata wenzake bombani.